Shemeji Yangu Kinyozi na Kofia Kumi na Mbili za Marubani

Shemeji yangu Hedley Blanchard aliishi na wanawake kumi na watatu. Mmoja alikuwa dada yangu Enid, mke wake wa ndoa. Waliobaki walikuwa vichwa vya mbao na plasta alivyoviokota duka la mawigi la Louth lilipofungwa, vyote vya kike, vyote vina kope ndefu na rangi ya midomo, na kila kimoja kimevalishwa kofia ya ngozi ya rubani wa vita vya kwanza vya dunia. Ukienda kwao kijijini Aldersby, Uingereza, kunywa chai, kumi na wawili hao wanakukodolea macho kutoka kwenye kabati la kioo kama mashangazi wa bwana harusi.

Hedley alikuwa kinyozi. Baba yake kinyozi, babu yake kinyozi, duka ni lile lile mkabala na kanisa. Kwa miaka arobaini na miwili alikata nywele za nusu ya wilaya, na kazi hiyo ilimharibu kwa namna yake: alijua watu kwa nyuma. Ukikutana naye uso kwa uso barabarani anababaika, anatabasamu, anazungumzia mvua. Ukigeuka kwenda zako ndipo unamsikia, "Aa, Percy! Mgongo unaendeleaje?" Kanisani alikaa safu ya mwisho kwa makusudi, na kutoka pale alijua nani amekonda, nani ana mawazo, na nani amekwenda kunyolewa mji wa jirani, Boston, kwa siri. Huyo wa Boston hakusalimiwa mwezi mzima.

Tena alikuwa na jambo moja ambalo vinyozi wenzake waliliona wazimu. Mnajua kile kioo cha mkono wanachokishika nyuma ya kichwa ukishanyolewa. Mteja hutazama mara moja, husema "safi," hata kama kisogo chake kimefanana na shamba lililopitiwa na mbuzi, kisha hukimbilia koti lake. Hedley hakukubali. "Tazama vizuri," alisema, na kioo hakiondoki. "Hapo karibu na sikio nimekosea. Zitaota baada ya wiki mbili." Watu walitoka pale wameudhika, lakini walirudi.

Alipostaafu tulidhani atalima viazi. Badala yake mteja wake mmoja wa zamani alikufa akamwachia kofia ya ngozi ya mjomba wake aliyekuwa rubani. Hedley aliingiza mkono ndani, macho yakamlegea. "Shemeji," akaniambia, "hiki ni kichwa cha mtu. Ngozi imekishika mpaka leo. Kushoto kuna bonde kidogo, umeona?" Mimi sikuona bonde. Niliona mtu mzima aliyepotea.

Basi ikawa ndiyo maisha. Barua kwa makumbusho, barua kwa idara ya nyaraka za serikali, meza ya kulia ya Enid imejaa karatasi mpaka wakawa wanakula jikoni wamesimama. Kila mwezi alipanda basi kwenda kwenye minada na masoko ya vitu vya kale, na huko alipima kofia kwa pua. Injini za ndege za wakati ule, aliniambia mara mia, zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, haya haya ya kuharisha, na mafuta yale yalimrukia rubani usoni safari nzima. Kofia ya kweli haiishi harufu hiyo.

"Walikuwa wanayavuta, shemeji. Wanayameza. Saa mbili angani na nyonyo tumboni! Wajerumani walikuwa shida ya pili."

Kwa hiyo alizamisha uso mzima ndani ya kofia mbele za watu, anavuta pumzi kwa nguvu, na wenye meza wakamuuliza kama anahitaji kiti. Hata hivyo alikosea. Moja aliyoisifia miezi minane ikaja kugundulika ilikuwa ya mwendesha pikipiki. Nyingine ilikuwa ya mchezaji wa raga. Enid alikuwa amesema siku ya kwanza, "Hii si ya mchezo ule wa kugongana?" Hakuna aliyemsikiliza. Enid husema jambo mara moja tu, kisha hukaa akisubiri.

Kofia ya kumi na mbili ilikuja masika ya mwaka tisini na sita, kutoka shamba moja lililokuwa likiuzwa vyombo vyake. Aliikuta ndani ya ndoo, chini ya vichujio vya maziwa. Mwenye shamba hakutaka fedha, alitaka baiskeli, basi Hedley akampa baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya Enid. Tangu siku hiyo Enid alitembea kwa miguu kwenda kanisani, na kila alipofika alisema kwa sauti, "Nimefika. Nimetembea."

Lakini kofia ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ngozi ya hudhurungi, manyoya kuzunguka uso, mhuri wa serikali na mwaka 1916, na harufu ya nyonyo ipo, ukiitaka kweli. Ndani, kwa wino uliofifia, kulikuwa na herufi mbili. Ya kwanza ni A. Ya pili ni C, au G, au kitone cha chai.

Sasa niseme la kwangu, maana hadithi hii haiendi bila dhambi yangu. Mwezi wa sita Hedley na Enid walikwenda Skegness wiki moja kupunga upepo, wakaniachia ufunguo nimwagilie maua na kuwafuta vumbi wale wanawake. Mimi ni mjane, naishi mlango wa pili, na nina paka. Marehemu mume wangu alimwita Kaiser, kama yule mfalme wa Ujerumani wa vita vya kwanza, kwa sababu ya masharubu yake na tabia ya kuvamia majirani. Ni mkubwa, mwekundu kama chungwa lililoiva, na hupenda kitu chochote chenye umbo la bakuli. Nilifungua kabati nifute vumbi, simu ikalia kwangu, nikaacha milango wazi nikaenda kuzungumza na binamu yangu wa Grimsby, na mtu akizungumza na binamu yule hujikuta jioni imeingia. Niliporudi kesho yake, kabati liko wazi vile vile, kofia ya kumi na mbili imepinduka, na Kaiser amejaa ndani yake kama yai kwenye kikombe, amelala fofofo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaenda kuchukua kamera nikampiga picha. Kisha nikamtoa, nikaifuta kofia, nikairudisha kichwani kwa mwanamke wake, na sikumwambia mtu.

Mwezi wa nane Hedley aliniita kwa kupiga ngumi ukutani.

"Shemeji! Njoo! Usikimbie, usilete upepo!"

Alikuwa mezani na kioo cha kukuzia vitu na koleo dogo la nyusi la Enid. Mbele yake, juu ya karatasi nyeupe, zilikuwa nywele saba. Nyekundu.

"Nimezitoa kwenye mshono wa bitana," alinong'ona. "Zimekaa humo miaka sabini na tisa. Sasa soma hapa."

Akanisogezea daftari la babu yake. Yule mzee alikuwa hodari wa mkasi lakini majina hayakumkaa, na kwa kuwa mteja hupenda kukumbukwa, aliandika kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake. *Muuza maziwa: bapa upande wa kushoto. Kasisi: mba, usimwambie.* Wakati wa vita kulikuwa na uwanja wa ndege nje kidogo ya kijiji, na marubani walinyolewa kwake kabla ya kupelekwa Ufaransa. Hedley aliweka kidole kwenye mstari mmoja:

*Luteni Ambrose Cuppleditch, rubani: nyekundu, nzito. Mizunguko miwili utosini, hailali hata kwa maji. Nyuma ya sikio la kushoto haguswi, hucheka kama mtoto. Weka wembe mbali.*

Neno "nyekundu" alikuwa amelipigia mstari mara tatu.

"A. C.," alisema. "Ambrose Cuppleditch. Nyekundu. Shemeji, ni yeye. Ni baba yake Mwalimu."

Akaanza kulia. Mzee wa miaka sitini na sita, koleo la nyusi mkononi, machozi yanadondoka kwenye karatasi za serikali. Mimi nilizijua zile nywele. Nilikuwa na nyingine kama hizo kwenye sketi yangu wakati ule ule. Ningesema pale pale, ingekuwa aibu ya dakika tano na chai juu yake. Badala yake nikasema, "Hongera, shemeji." Nilimwonea huruma, na huruma yangu ikawa uwongo kabla sijafika mlangoni.

Mwalimu tunayemsema ni Bi Winifred Cuppleditch. Alitufundisha sote, Hedley, Enid, mimi, na wazee wengine wote wa Aldersby wanaojua kusoma. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na tisa, amenyooka kama rula aliyotupigia. Hakuolewa. Kofia yake ya sufu ya kijani haikumtoka kichwani, darasani wala kanisani, na kisogo chake kilikuwa ndicho pekee katika parokia ambacho Hedley hakukijua. Na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akicheka. Tulipokuwa darasa la tatu, Percy alianguka kwenye pipa la maji ya mvua akatoka na chura kwenye kola. Kasisi mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alisema, "Percy, umelowa."

Baba yake alianguka na ndege Ufaransa mwezi wa nne mwaka 1917, na hakupatikana, wala yeye wala ndege. Winifred alizaliwa mwezi wa saba. Mama yake aliolewa tena na mfanyabiashara wa nafaka asiyependa kusikia habari za marehemu, na vitu vya marehemu vikaenda visikojulikana. Ilibaki picha moja. Mtu amesimama kando ya ndege, kofia hadi kwenye nyusi, miwani mikubwa, skafu mpaka mdomoni. Kinachoonekana ni pua. Angeweza kuwa baba wa mtu yeyote.

Hedley alimwandikia barua. Ilirudi baada ya siku mbili, imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini yake: *Njoo Alhamisi saa kumi. Futa viatu.*

Enid alikataa kwenda kwa kuwa hana baiskeli, basi nikaenda mimi. Hedley aliweka kofia juu ya meza ya Mwalimu, na fremu ndogo ya kioo alimozitia zile nywele saba. Akasema yote kwa pumzi moja, nyonyo, mhuri, herufi, daftari. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, yule mama alinyoosha kidole kimoja akagusa kioo.

"Nyekundu," alisema. "Mama hakuniambia."

Basi, hapo ningezama ardhini. Kila Alhamisi baada ya hiyo Hedley alikwenda kwake saa kumi na viatu vilivyofutwa, na Mwalimu alimpa mkate wa zabibu na jibini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia kiumbe. Ikaamuliwa kofia na nywele zikabidhiwe kwake rasmi, ukumbi wa kanisa, Jumapili ile ya mwezi wa kumi na moja ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Gazeti la wilaya likaja kupiga picha. Kasisi akaandaa sala. Nikianza kujiambia kwamba uwongo huu haumdhuru mtu, Kaiser ananirukia mapajani na kunitazama.

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo nilimkuta Mwalimu kwenye foleni ya mikate.

"Nesta," aliniambia, "nimezungumza na mtu wa majeneza. Baba hana kaburi. Nywele zake zitazikwa na mimi, mkononi, ili angalau zipate mahali. Simama wima ukisemeshwa."

Nilisimama wima. Kichwani niliona jeneza, na mwalimu wangu aliyenifundisha kusoma, na mkononi mwake manyoya ya paka wangu mpaka siku ya ufufuo. Niliacha mkate kaunta.

Jumamosi asubuhi nilibisha kwa Hedley. Mkono mmoja nimemkumbatia Kaiser, mwingine nimeshika picha.

Hedley alikuwa anaing'arisha kofia. "Mtoe huyo nje, shemeji, ana manyoya."

"Ndiyo maana nimemleta," nikasema, nikaweka picha mezani.

Aliisogeza karibu na miwani yake. Kaiser kwenye picha alionekana ameridhika sana.

"Hii ni lini?"

"Mlipokuwa Skegness."

"Haiwezekani. Miaka arobaini na miwili mimi nashika nywele. Paka na mtu nisiwajue?"

"Jaribu."

Kaiser alipoteza unywele mmoja wa mkiani na akasema maneno yake. Hedley akauweka chini ya kioo cha kukuzia, karibu na zile saba alizozitoa kwenye fremu. Alizisugua kati ya kidole na gumba, mmoja mmoja, kama alivyopaswa kufanya mwezi wa nane. Masikio yake yakawa mekundu kuliko ushahidi.

"Shina jeupe," alisema polepole. "Zote nane. Shina jeupe na ncha nyembamba. Mwanagenzi wa wiki moja angeona. Nilizitazama kwa moyo, Nesta, sikuzitazama kwa macho." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Na wewe ulijua? Tangu lini?"

"Tangu uliponiita."

"Ukasema hongera."

"Ulikuwa unalia, Hedley. Ningefanyaje?"

"Ungenionyesha kisogo changu!" alipiga kelele, na wale wanawake kumi na wawili wakatetemeka kabatini.

Enid alitokea jikoni na kitambaa cha vyombo. Alitazama picha, akatazama paka, akaketi. "Mwacheni azikwe nazo," alisema. "Yule mama amepata baba akiwa na miaka sabini na tisa. Mtamnyang'anya kwa ajili ya nini? Paka mwenyewe ni msafi."

Nilitamani Hedley akubali, Mungu anisamehe. Kungekuwa na sala, chai na keki, na mambo yangeisha. Hedley alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Miaka arobaini na miwili nimewashikia watu kioo," alisema. "Hata pale mkasi ulipoteleza. Nikimzika Mwalimu na paka nitakuwa nimefanya kazi gani maishani mwangu? Vaa koti, shemeji. Lete na daftari, kofia nitabeba mimi."

Mwalimu alitufungulia akiwa na kofia yake ya kijani, akatazama viatu vyetu, akatukalisha sofani bega kwa bega. Nilikuwa na miaka sitini na moja na nilitaka kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Mwalimu," Hedley alianza, "zile nywele si za baba yako."

Mwalimu alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Ni za nani?"

Hedley akanitazama. Nikasema, "Za Kaiser, Mwalimu."

"Wa Ujerumani?"

"Hapana. Wangu. Paka."

Nikasema yote, binamu wa Grimsby, kabati, kamera, hongera. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza sababu za kutofanya kazi ya nyumbani. Kisha akamgeukia Hedley.

"Na kofia?"

"Kofia ni ya rubani kweli. Ya nani, sijui. Ile herufi ya pili inaweza kuwa G. Nilitaka iwe C."

"Ulitaka."

"Nilitaka sana, Mwalimu."

"Blanchard, ulipokuwa na miaka minane uliandika jibu kwanza kisha ukatafuta hesabu ya kulifikia. Nilikuchapa."

"Nakumbuka."

"Haikusaidia."

Aliinuka akaenda dirishani, akatupa mgongo. Mabega yake, ambayo hatukuwahi kuyaona yakishuka, yalishuka. "Basi sina kitu," alisema kwa kioo cha dirisha. "Nilikuwa nimemzoea. Mwenye nywele nyekundu."

Iliniuma, na hasira ikanijia pamoja na maumivu, kwanza juu yangu, kisha juu ya huyu shemeji aliyekaa kama gunia. Nikampiga kiwiko cha mbavu. "Lakini nyekundu si ilikuwa kwenye daftari!" nikasema. "Hilo Kaiser hajaliandika! Msomee, Hedley, msomee mstari wote, si neno lako moja ulilolipigia mistari!"

Ndiyo kwanza ikamwingia Hedley. Miezi mitatu alikwenda kwa mama yule kila Alhamisi na hadithi za injini na mihuri, na mstari wenyewe alikuwa amemnyima, kwa kuwa haukuhusu kofia. Alimpa daftari. Mwalimu alivaa miwani akasoma kwa sauti yake ya darasani, kila neno na nafasi yake.

"'Luteni Ambrose Cuppleditch, rubani. Nyekundu, nzito. Mizunguko miwili utosini, hailali hata kwa...'"

Midomo yake iliendelea bila sauti mpaka mwisho wa mstari, ikarudi mwanzo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Aldersby. Alivua ile kofia ya kijani.

Nywele zake zilikuwa nyeupe, na zilisimama. Zilisimama utosini kwa pande mbili zinazogombana, kama majani mtu alipolala na kuondoka. Hedley alikuwa ameshainuka. Sijawahi kumwona mtu anavuka zulia haraka vile.

"Unaruhusu, Mwalimu?"

"Ruhusa."

Alichomoa kitana mfukoni, maana hakutoka nyumbani bila kitana hata siku ya harusi yake, akazitenga nywele kwa ncha. "Mmoja huu, unakwenda kulia," alisema. "Na wa pili huu hapa, unakwenda kushoto. Shemeji, kioo!"

Nilikimbia chooni nikaleta kioo cha mkono. Mwalimu alikaa mbele ya kioo kikubwa cha kabati la vyombo, Hedley akashika kile kidogo nyuma yake.

"Nilidhani ni ubishi wangu," Mwalimu alisema. "Mama alizilowesha kila asubuhi, akazifunga. Alikasirika sana na hizi nywele. Mpaka alilia. Nilidhani nimemkosea."

"Tazama vizuri," Hedley alisema, na kioo hakikuondoka.

Alitazama vizuri. Sijui dakika ngapi. Mimi nilitazama sahani za ukutani kwa sababu macho yangu yalikuwa yameharibika. Mwishowe alijifuta pua na kusema kwa sauti yake ya kawaida, "Hapo chini hazijakaa sawa. Nazikata mwenyewe. Kwa kuwa umeshafika, Blanchard, kuna mkasi kwenye kikapu cha kushonea."

Hedley alimfunga taulo shingoni. Alikata nyuma, akapunguza juu, akasogea kulia. Nilimwona akikaribia kushoto na nilijua anachofikiri, kwa sababu alihamisha ncha ya mkasi mbali kidogo na ngozi. Akasukuma sikio la kushoto mbele kwa kidole.

Mwalimu Winifred Cuppleditch alicheka. Kilitoka kicheko chembamba, cha juu, cha mtoto wa miaka minne, na mabega yakapanda masikioni na miguu ikanyanyuka zuliani. Akajiziba mdomo kwa taulo. "Acha," alisema. "Usithubutu." Hedley akagusa tena.

Ukumbi wa kanisa ulijaa kesho yake. Kofia iliwekwa mezani na kadi mpya: *Ya rubani asiyejulikana. Nywele: paka wa jirani.* Gazeti la wilaya liliondoka limeudhika. Mwalimu alikaa safu ya mbele, kichwa wazi, na watu walisali vibaya sana siku hiyo kwa kumtazama utosi. Enid alikuja amechelewa akasema, "Nimefika. Nimetembea," na mara hii Hedley alisimama mbele ya watu wote akamwomba radhi kwa ajili ya baiskeli.

Na mezani, kando ya kofia, daftari lilikuwa limefunguliwa. Chini ya mstari wa babu yake Hedley alikuwa ameongeza wake, kwa kalamu nyekundu aliyoazimwa na Mwalimu mwenyewe, na haukuwa na sahihisho hata moja:

*Winifred, binti yake: nyeupe. Mizunguko miwili. Sikio la kushoto, yale yale.*